Mstari wa Nyuma ya Sikio

Kwanza nilisuka katani,
kishungi nilichokifunga kwenye nondo ya dirisha
hapa Kipangani, Wete,
na nondo haikulia, haikusema "unanivuta".
Wiki tatu nikajidanganya kuwa mimi msusi.

Kisha Bi Kazija akaniletea kichwa.
Kichwa cha kweli, chenye joto, kinachopenda kugeuka:
Raihana, mjukuu wake, miaka kumi na mmoja,
nywele zimeshonana kama nyasi za vuli
na ulimi mwepesi kuliko mkono wangu.

"Weye si ulikuwa ukiuza vitumbua?"
"Ndiyo."
"Mbona hukubaki huko?"

Sikumjibu.
Vidole vyangu vina alama za mafuta ya miaka kumi na tisa,
vinajua kitumbua kigeuzwe lini kwa kukisikiliza tu,
lakini nywele hazisemi.

Msuko wenyewe unaitwa nyayo za jongoo.
Mistari kumi na miwili, inatoka utosini,
inazunguka kama mtu aliyesahau kitu akarudi,
na kila hatua unatia uzi wa nywele za dukani,
mdogo, mdogo, mdogo tena,
mpaka mstari unanenepa na haujulikani umekula wapi.
"Ule," husema Bi Kazija, "lakini usionekane na tonge."

Mie nilionekana na tonge.
Fundo hapa, fundo pale,
kichwa cha mtoto kikawa mzizi wa tangawizi.

"Fumua."

Hakuwa na neno jingine.
Aliketi juu ya mbuzi ya nazi iliyovunjika ulimi,
akila embe bichi kwa chumvi na pilipili,
anaitazama mikono yangu, usoni hanitazami.
Nilifumua Jumatatu.
Nilifumua Jumanne, mara mbili.
Jumatano Raihana alikimbilia kwa jirani, sikumlaumu.

Alhamisi umeme ulikatika nimo kwenye mstari wa tano.
Nikanyanyuka kutafuta kandili,
Bi Kazija akanikamata pindo la kanga:
"Kaa. Macho yako ndiyo yanayokughilibu."

Basi nikasuka gizani,
na ndipo nilipozisikia.
Zina sauti, kumbe,
ndogo, kama ukili unaponyooshwa kwa kidole gumba,
kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Umeme uliporudi, mstari wa tano ulikuwa umekwenda kombo.
Lakini wa sita,
Bi Kazija aliupitishia ukucha toka mwanzo hadi ncha,
akanyamaza,
akarudi kwenye embe lake.

Mashindano ni kesho, Chake, ukumbi wa wanawake watupu.
Watakuja wasusi wa Unguja na vitana vyao vinavyong'aa,
watakuja wasichana waliojifunza kwenye simu,
na mie na mafuta yangu ya nazi ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
na chini ya mtandio wangu kichwa
ambacho hakijaguswa tangu Mfunguo Mosi.
Kinyozi hajinyoi. Na asiyekuwa kinyozi bado, je?

Raihana amelala mapajani pangu.
Alisema "usinivute" mara arubaini, nilihesabu,
ya arubaini na moja akasinzia katikati ya neno.
Mistari kumi na mmoja imekaa.
Wa kumi na mbili, ule wa nyuma ya sikio la kushoto,
umepinda.

Si sana. Unene wa punje ya mchele.
Mwamuzi atakuwa na vichwa ishirini mbele yake,
sikio litafunika nusu,
na Bi Kazija keshalala, namsikia akikoroma,
hakuna wa kuniambia kitu.

Mguu umekufa ganzi.
Nje jogoo wa Bi Mkasi, asiyejua saa, ameanza ubishi wake.
Nakiokota kitana, upande wa mkia,
na nalisema mwenyewe, chinichini, nisimwamshe:

fumua.